Tokeni ya stima ina tarakimu 20, na C haina pa kuiweka

Shika simu, tafuta SMS zako za tokeni ya stima. Kila tokeni ina tarakimu 20, zimepangwa nne nne na vistari katikati. Sasa angalia tarakimu ya kwanza ya kila moja, hadi zile za mwaka jana. Sijaiona simu yako, lakini nakuambia mapema: hutapata hata moja inayoanza na 8 wala 9.

Hakuna uganga hapo, ni hesabu tu. Na hesabu hiyo hiyo ndiyo itakutoa jasho siku utakapojaribu kuandika programu ya kushughulikia tokeni kwa lugha ya C. Nawaambia hasa nyinyi mlioko Wote, Kibwezi, Mwingi, Kitui mjini na pale SEKU Kwa Vonza, maana Kitui na Makueni zina kituko chao ndani ya C. Tutakifikia.

Alama si namba

Kwanza tuelewane. Ukibonyeza 7 kwenye kibodi, kompyuta haioni saba. Inaona alama, na alama hiyo imepewa nambari 55. Alama ya 0 imepewa 48. Ndiyo maana kwenye C utaona watu wakiandika c - '0'. Ni 55 toa 48, unabaki na 7 ya kweli, ile unayoweza kujumlisha.

Kupata namba nzima ni rahisi. Unaanza na sifuri. Kila tarakimu inapoingia, unazidisha ulichonacho kwa 10, kisha unaiongeza. Chukua 254: inaingia 2, inakuwa 2, inaingia 5, inakuwa 25, inaingia 4, inakuwa 254. Basi. Kazi hiyo hata mdogo wako wa shule ya msingi anaiweza.

Shida si kuhesabu. Shida ni mahali pa kuweka jibu.

Sanduku linajaa

Kwenye kompyuta nyingi, int ya C inaishia 2,147,483,647. Namba ya mita, ile unayoweka kama akaunti ukilipa kupitia paybill 888880, ina tarakimu 11. Kwa hivyo int imeshindwa hata kabla hatujafika kwa tokeni yenyewe.

Unahamia long long. Hiyo inafika 9,223,372,036,854,775,807, tarakimu 19. Mita inaingia vizuri, tokeni bado. Unahamia unsigned long long, inafika 18,446,744,073,709,551,615. Hesabu: tarakimu 20! Hapo ndipo wengi hushangilia mapema.

Tokeni za Kenya Power zinafuata kiwango kinachoitwa STS, kilichoanzia Afrika Kusini na sasa kinatumika nchi nyingi. Ndani ya zile tarakimu 20 kuna biti 66. Sanduku kubwa la kawaida la C lina biti 64. Utasema biti mbili ni nini bana, lakini kila biti unayoongeza inazidisha nafasi mara mbili. Biti 66 zinabeba mara nne ya zile 64. Maana yake ni kwamba ni robo tu ya tokeni zinazowezekana zinazoingia kwenye sanduku lako. Robo tatu zinamwagika.

Na namba kubwa kabisa ya biti 66 ni 73,786,976,294,838,206,463. Inaanza na 7. Sasa unajua kwa nini 8 na 9 hazijawahi kutokea mwanzoni kwenye simu yako.

Inafanya kazi, halafu haifanyi

Hatari ya kosa hili ni kwamba linajificha. Tuseme umeandikia mwenye duka la Emali programu ya kuhifadhi tokeni anazowauzia wateja. Unaijaribu na tokeni moja inayoanza na 0, inakubali. Unalipwa, unaenda zako. Kesho anakuja mteja mwenye tokeni inayoanza na 5.

Ukitumia strtoull, C haitapiga kelele. Itakurudishia ile namba kubwa kabisa, 18446744073709551615, na kuacha alama ya ERANGE ndani ya errno. Usipoiangalia errno, hutajua. Wateja wawili tofauti wanajikuta na tokeni moja, na haifanyi kazi kwa yeyote kati yao. Pesa imetoka, giza limeingia, mita inakataa. Mama wa watu hatalaumu biti 66. Atakulaumu wewe.

Ukitumia atoi ndiyo mbaya zaidi. Namba ikizidi, kanuni za C hazisemi lolote kuhusu kitakachotokea. Unaweza kupata takataka yoyote, na hakuna pa kuuliza.

Mitego mingine ni hii:

Vistari. Ukimpa strtoull maandishi 1234-5678-9012-3456-7890, anasoma hadi kistari cha kwanza na kukupa 1234. Toa vistari kwanza.

Sifuri za mbele. Hata tokeni ikiingia kwenye sanduku, ikianza na 0 utakapoichapisha itatoka na tarakimu 19 au chini. Mita inataka zote 20.

Double. Watu husema, "Si nitumie double, inabeba namba kubwa?" Inabeba ukubwa, haibebi usahihi. Kuanzia 9,007,199,254,740,992 inaanza kuruka namba. Excel nayo ni hivyo hivyo: inashika tarakimu 15 za kwanza, zinazobaki inazigeuza sifuri. Ukiweka orodha ya tokeni humo kama namba, umeziua.

Makueni inapohamia Kitui

Sasa kile kituko. Kila kaunti ina nambari yake, na kwenye orodha za IEBC zinaandikwa kwa tarakimu tatu: Kitui 015, Machakos 016, Makueni 017.

Kwenye C, namba inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa mfumo wa nane, si wa kumi. Andika 017 kwenye programu yako, kompyuta inahesabu nane moja na saba: 15. Yaani Makueni imekuwa Kitui! Na Kitui yenyewe, 015, inakuwa 13, ambayo ni Tharaka-Nithi. Hakuna onyo, hakuna kosa la programu kukwama. Ripoti inatoka safi kabisa, watu wa Wote wamehesabiwa ng'ambo ya Mto Athi.

Hata maandishi hayaponi ukiyasoma kwa strtol na kuweka msingi 0, maana hapo unaiambia C ijiamulie mfumo. Nyandarua ni 018; katika mfumo wa nane hakuna 8, kwa hivyo inasoma 01 na kusimama. Nyandarua imeteremka hadi Mombasa. Dawa ni moja: andika msingi 10 mwenyewe, kila mara.

Mita inawezaje?

Mita ukutani ina kompyuta ndogo mno, lakini inameza tarakimu 20 bila wasiwasi. Siri ni kutotafuta sanduku moja kubwa. Unapanga masanduku madogo.

Fikiria gorogoro za ndengu sokoni. Ikijaa moja, kinachozidi kinaenda kwa inayofuata. Baiti ni gorogoro inayobeba kuanzia 0 hadi 255. Baiti 9 zina biti 72, zaidi ya 66 tunazohitaji. Kwa kila tarakimu unafanya hivi:

baki = c - '0';
for (i = 8; i >= 0; i--) {
    t = b[i] * 10 + baki;
    b[i] = t % 256;
    baki = t / 256;
}

Ni ile ile ya "zidisha kwa 10, ongeza tarakimu", ila inatembea kutoka gorogoro la mwisho kwenda la kwanza ikibeba baki. Ukifika 30 na ikaingia 0, unapata 300: 44 zinabaki, 1 inahamia jirani. Kwa njia hii unaweza kubadilisha hata tarakimu elfu moja. Ongeza baiti tu. Ukiwa na GCC kwenye kompyuta ya biti 64 unaweza kutumia __int128, na kwa namba ndefu zaidi kuna maktaba ya GMP.

Masanduku hujaa kweli

Ukidhani haya ni ya vitabuni, kumbuka 2024. Kila tokeni ya kununua stima ilikuwa ikibeba ndani yake muda ilipotengenezwa, kwa dakika tangu 1 Januari 1993, katika biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, ambazo zilikuwa zinaisha 24 Novemba 2024. Ndiyo maana Kenya Power iliwatumia watu tokeni tatu kwa mpigo: mbili za kusasisha mita, ya tatu ya stima. Tarakimu 60, unazibonyeza gizani na tochi mdomoni. Sanduku dogo lililochaguliwa zamani lilifika hadi mlangoni kwako.

Kwa hivyo kabla ya kugeuza tarakimu kuwa namba, jiulize: nitaijumlisha na nini? Tokeni huijumlishi. Namba ya simu huizidishi. Namba ya kitambulisho hupigi wastani. Hivyo vyote viache maandishi: char tokeni[21], tarakimu 20 na nafasi moja ya alama ya mwisho. Hakikisha kila alama ni tarakimu, hakikisha ziko 20, basi. Hesabu za biti waachie mita.

Ukishaandika, jaribu na tokeni nne: inayoanza na 0, inayoanza na 1, inayoanza na 7, na moja yenye vistari. Zikitoka zote nne jinsi zilivyoingia, tarakimu kwa tarakimu, sasa unaweza kumpelekea mwenye duka.