Je, Wajua? Mninga, sheshe na moto kichaa wa Malinyi

Je, wajua kwamba mche wa mninga hufa kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi? Katika misitu ya miombo ya Malinyi, Tanzania, na bonde zima la Kilombero, moto hupita juu ya miche hiyo ikabaki majivu, lakini chini ya ardhi mzizi uko hai na unanenepa mwaka hadi mwaka. Hali hiyo yaweza kuendelea kwa miaka kumi au zaidi. Mzizi ukishapata akiba ya kutosha, shina huchomoza na kurefuka upesi mpaka ncha yake iwe juu ya ndimi za moto. Hata tunda la mninga, lile la duara lenye miiba katikati, mbegu zake huota kwa urahisi zaidi miiba ikishaungua.

Anayesema moto ni adui wa miombo, basi, amesema nusu tu. Nusu ya pili ni wakati. Mwaka 1933 wataalamu wa misitu walianza jaribio huko Ndola, Zambia. Sehemu moja ya miombo ilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi. Nyingine ilichomwa mwishoni mwa kiangazi, na nyingine ikakingwa isiguswe kabisa. Miongo ilipopita, iliyochomwa mapema ilibaki miombo, iliyokingwa ikawa kichaka kizito, na iliyochomwa mwishoni ikageuka uwanda wa nyasi wenye miti ya kuhesabika.

Malinyi moto wa Mei au Juni mara nyingi hufifia wenyewe usiku kwa umande. Wa Septemba na Oktoba ndio moto kichaa. Huanzia kwa mkulima anayesafisha shamba, mrina asali aliyeacha mwenge unafuka, au mfugaji anayetafuta majani mapya. Ongezeko la joto duniani linauzidishia nguvu: kila nyuzi moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hewa yenye kiu hiyo hukausha nyasi mapema. Ndiyo maana naona ratiba za zamani za kuchoma mapema hazitoshi tena. Kamati za vijiji ziangalie unyevu wa nyasi kabla ya kuangalia kalenda.

Mvua za kwanza zikikuta mlima uliounguzwa Oktoba, udongo husombwa hadi mtoni. Si jambo dogo, kwa kuwa mto Kilombero hutoa karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji, yanayojaza bwawa la Julius Nyerere.

Hata hivyo, wapo wanaofaidi moto. Mwewe na keremkerem huwahi mbele ya moto kudaka panzi wanaokimbia. Siku chache baadaye majani huchipua hata kabla ya mvua, na swala aitwaye sheshe huyafuata. Bonde la Kilombero, lililoingia mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2002, lilijulikana kwa miaka mingi kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote Afrika.

Na je, wajua kwamba eneo linaloungua duniani kila mwaka lilipungua kwa karibu robo kati ya 1998 na 2015? Sababu kubwa ni mbuga, hasa za Afrika, kugeuzwa mashamba na malisho. Kilombero tunalijua hilo: mpunga na ng'ombe wamechukua nyasi za sheshe. Sioni la kushangilia hapo.

Na kinachoungua huenda wapi? Kaboni ya nyasi zilizoungua hurudi ndani ya nyasi za msimu unaofuata. Ya mninga mkubwa husubiri miongo. Fosforasi nayo husafiri: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba moshi wa mioto ya kusini mwa Afrika huvuka bahari ya Atlantiki na kurutubisha msitu wa Amazon.