Komandoo aliyemwambia Kaepernick apige goti

KILA shabiki wa Ligi Kuu England anaikumbuka picha ile. Juni 17, 2020, Villa Park, Aston Villa dhidi ya Sheffield United, mechi ya kwanza baada ya ligi kusimama kwa sababu ya corona. Filimbi inalia, lakini hakuna anayegusa mpira. Wachezaji wote 22 wanapiga goti, refa naye anapiga goti.

Walikuwa wakipinga ubaguzi wa rangi, wiki chache baada ya George Floyd kufia mikononi mwa polisi kule Minneapolis, Marekani. Wengi walijua goti lile limetoka kwa Colin Kaepernick, staa wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu. Wasilolijua wengi ni kwamba Kaepernick mwenyewe hakuanza kwa kupiga goti. Alianza kwa kukaa kwenye benchi. Aliyemshauri apige goti ni mwanajeshi, komandoo aliyepigana Iraq na Afghanistan, tena mtu ambaye kitendo cha Kaepernick kilikuwa kimemuudhi.

Anaitwa Nate Boyer.

ALIKASIRIKA, KISHA AKAANDIKA BARUA

Agosti 26, 2016, San Francisco 49ers walicheza mechi ya maandalizi ya msimu na Green Bay Packers. Wimbo wa taifa ulipopigwa watu wote walisimama, Kaepernick akabaki amekaa. Huyu hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Miaka mitatu na nusu nyuma aliipeleka timu hiyo Super Bowl, fainali kubwa kuliko zote Marekani. Alipoulizwa, alisema hawezi kuisimamia bendera ya nchi inayowaonea watu weusi.

Marekani ikawaka moto. Wapo waliochoma jezi zake, na wapo waliomwita shujaa.

Boyer alikuwa na kila sababu ya kukaa na waliochoma jezi. Mwaka 2004 alikwenda Chad kujitolea kwenye kambi za wakimbizi wa Darfur, na baada ya hapo akajiunga na jeshi hadi akaingia Green Berets, kikosi cha makomandoo. Alipomaliza, akaingia Chuo Kikuu cha Texas akiwa na miaka 29 na akajifunza mpira wa Kimarekani kuanzia sifuri. Mwaka 2015, akiwa na miaka 34, Seattle Seahawks wakamsajili. Alicheza mechi moja tu ya maandalizi kabla ya kuachwa. Siku hiyo aliingia uwanjani na bendera mkononi, na wimbo wa taifa ulipoanza machozi yakamtoka.

Kwa mtu kama huyo, Kaepernick kukaa kwenye benchi kulimchoma. Hakuficha. Aliandika barua ya wazi kwenye gazeti la Army Times akieleza hasira yake. Lakini katika barua hiyohiyo alisema ameamua kumsikiliza mwenzake kwanza, kwa sababu yeye ni mzungu na hajawahi kuishi maisha ya mtu mweusi.

Kaepernick akaisoma, akamwita wakutane.

KIKAO CHA HOTELINI

Walikutana Septemba 1, 2016, hotelini San Diego, saa chache kabla ya mechi na Chargers. Alikuwepo pia Eric Reid, beki wa 49ers. Kaepernick hakutaka kuacha kupinga. Boyer alitaka asimame. Kila mmoja alikuwa na lake, na hakuna aliyekubali kulitupa.

Ndipo Boyer akatoa wazo la katikati: asikae, apige goti pembeni ya wenzake waliosimama. Kwa mwanajeshi, goti si dharau. Askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzake aliyeanguka vitani.

Jioni hiyo Chargers walikuwa wameandaa usiku maalumu wa kuwaenzi wanajeshi. Kaepernick na Reid wakapiga goti huku uwanja ukizomea. Boyer akasimama wima kando yao, mkono kifuani. Wote watatu walikuwa kwenye mstari mmoja, na kila mmoja alibaki na msimamo wake.

MWANAJESHI MWINGINE, JIBU LINGINE

Mwaka mmoja baadaye moto ulirudi upya. Septemba 22, 2017, Rais Donald Trump aliwataka wamiliki wa timu wawafukuze wachezaji wanaopinga wakati wa wimbo wa taifa. Jumapili iliyofuata, wachezaji zaidi ya 200 walikaa au kupiga goti.

Pittsburgh Steelers, waliokuwa ugenini Chicago, waliamua wote wabaki kwenye njia ya kutokea vyumbani ili wasionekane wako upande wowote. Lakini kamera zikamnasa mmoja amesimama peke yake mbele, mkono kifuani. Ni Alejandro Villanueva, jamaa wa zaidi ya mita mbili, aliyesoma chuo cha kijeshi cha West Point, akatumikia kikosi cha Rangers na kwenda Afghanistan mara tatu. Kufumba na kufumbua jezi yake ikawa inauzwa kuliko zote. Waliokuwa wanamchukia Kaepernick walishampata shujaa wao.

Shujaa mwenyewe akawaangusha. Kesho yake Villanueva alisema anaona aibu kila akiiona picha ile, kwa sababu imewafanya wenzake waonekane wabaya. Alieleza kwamba alitaka kuiona bendera tu, akasogea hatua nyingi mno. Na wanaopiga goti, alisema, hawalitukani jeshi.

Lakini huyu si mtu wa kufuata upepo. Mwaka 2020 Steelers walikubaliana kubandika kwenye kofia jina la Antwon Rose, kijana mweusi wa miaka 17 aliyepigwa risasi na polisi mwaka 2018. Villanueva akaandika lake: Alwyn Cashe, sajini mweusi aliyekufa kwa majeraha ya moto baada ya kuwaokoa wenzake ndani ya gari linalowaka, Iraq, mwaka 2005. Mama yake Rose aliumia na akasema hadharani. Kocha Mike Tomlin, ambaye ni mweusi, akamtetea mchezaji wake.

MAREHEMU ALIYEGOMBANIWA

Yupo pia ambaye hakupata nafasi ya kusema. Pat Tillman aliacha mkataba wa dola milioni 3.6 wa Arizona Cardinals mwaka 2002, akaenda jeshini na mdogo wake. Aprili 22, 2004, aliuawa Afghanistan. Jeshi lilisema amepigwa na adui. Wiki kadhaa baadaye ukweli ukatoka: alipigwa risasi na askari wa upande wake kwa makosa.

Katika vurugu za 2017 picha yake ilisambazwa mtandaoni kuwasuta wanaopiga goti, na Trump naye akaisambaza. Mjane wake, Marie, akaomba utumishi wa mumewe usitumike kuwagawa Wamarekani. Alikumbusha kuwa uhuru wa kusema ni moja ya vitu ambavyo askari huenda kuvipigania.

Hapo ndipo penye fundisho. Waliopiga kelele kwa niaba ya wanajeshi wengi wao hawajawahi kulala kwenye handaki. Waliolala humo walitofautiana: mmoja alitoa wazo la goti, mwingine hakuwahi kupiga goti. Ila wote wawili walikataa kuwageuza wenzao kuwa maadui. Ukishakuwa vitani, anayekulinda mgongo huwezi kumchagua kwa rangi wala kwa chama anachokipigia kura.

Kaepernick hakupata timu tena tangu Machi 2017. Juni 2020, bosi wa NFL, Roger Goodell, alikiri ligi ilikosea kutowasikiliza wachezaji wake mapema. Villanueva alistaafu mwaka 2022.

Boyer, aliyewahi kuandika barua nyingine akiwataka Trump na Kaepernick wakae chumba kimoja wazungumze, bado anafanya alichokifanya San Diego. Yeye na mwandishi wa michezo Jay Glazer walianzisha Merging Vets and Players, ambako wanajeshi na wachezaji waliostaafu hukutana gym. Wanapiga mazoezi pamoja kwanza. Wakishachoka, wanakaa chini kwenye duara, na kila mtu anasema yaliyomo moyoni.