Wakimbiaji wa Milimani

Kuna mbio za uwanjani, na kuna mbio za milimani. Katika mbio za uwanjani njia imepigwa chokaa, watazamaji wamejaa pande zote, na mkimbiaji hana la kufikiri ila jinsi ya kumpita mwenziwe. Milimani hapana chokaa wala watazamaji. Kuna mawe, matope, majani marefu, vijito vya maji baridi, na pengine ukungu mzito, hata mtu asiweze kuona hatua kumi mbele yake. Huko mwenye miguu myepesi aweza kushindwa na mwenye miguu mizito, ikiwa huyu wa pili aijua njia na yule wa kwanza haijui. Tena kushindwa milimani si kukosa zawadi tu. Pengine ni kupoteza maisha.

Mbio za namna hii hupendwa sana kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya vilima na maziwa iitwayo Lake District. Milima ya huko si mirefu ikilinganishwa na milima ya Afrika. Mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una meta 978 tu, na Kilimanjaro una meta 5,895. Walakini wenyeji huiheshimu milima yao, kwa sababu mvua hunyesha siku nyingi za mwaka, upepo utokao baharini huvuma kwa nguvu, na ukungu hushuka ghafula.

Katika mji mdogo wa Keswick, ulioko katika nchi hiyo, aliishi mtu aitwaye Bob Graham, aliyekuwa na nyumba ya kulaza wageni. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka arobaini. Hakunywa pombe, wala hakuwa mkimbiaji mwenye sifa. Lakini alikuwa na nia moja: kuvipita vilele 42 vya milima katika muda wa saa 24, yaani mchana mmoja na usiku mmoja. Njia yake yote ilikuwa kama kilometa 106, na kama angejumlisha mipando yote pamoja, ingekuwa karibu meta 8,200.

Bob Graham hakuanza kwa kukimbia. Alianza kwa kutembea. Alivipanda vilima vile kimoja kimoja, akatazama penye kijito, penye jabali, na penye mteremko mwema, hata akaijua njia yake kama mtu ajuavyo njia ya kwenda kisimani kwake. Mara nyingi alikwenda bila viatu, ili nyayo zake zipate ugumu na viatu vyake visichakae. Hata siku yake ilipofika, tarehe 13 na 14 Juni, 1932, akavaa viatu vya raba, kaptura ndefu na koti la nguo za kulalia, akaenda zake. Hakwenda peke yake. Rafiki zake walipokezana kumsindikiza, ili katika kila sehemu awe na mtu. Akarudi Keswick baada ya saa 23 na dakika 39. Zilikuwa zimesalia dakika 21 tu.

Ikapita miaka 28 kabla ya mtu mwingine kuweza kufanya kama alivyofanya yeye. Huyo alikuwa Alan Heaton, mwaka 1960. Mwanamke wa kwanza alikuwa Jean Dawes, mwaka 1977. Baadaye wakaja wenye kasi zaidi: Billy Bland alitumia saa 13 na dakika 53 mwaka 1982, Kilian Jornet wa Hispania saa 12 na dakika 52 mwaka 2018, na Jack Kuenzle wa Marekani saa 12 na dakika 23 mwaka 2022. Sasa watu zaidi ya elfu mbili wameimaliza njia hiyo chini ya saa 24. Walakini sharti moja la Bob Graham limebaki vilevile: mtu atakaye kuandikwa katika orodha ya chama cha wakimbiaji wa njia hiyo hana budi kuwa na mwenzi wa kumshuhudia katika kila kilele.

Basi, mtu atakaye kukimbia milimani hujifunza nini? Kwanza hujifunza kupanda. Mwanafunzi mgeni hudhani kwamba lazima akimbie mpaka kileleni. Wenye ujuzi hawafanyi hivyo. Penye mwinuko mkali huacha kukimbia, huinama kidogo, huweka mikono juu ya mapaja, na hutembea kwa hatua fupi zisizokoma. Kwa kufanya hivyo huhifadhi pumzi yao, na mara nyingi humkuta juu yule aliyeanza kwa pupa ameketi juu ya jiwe akihema.

Pili hujifunza kushuka, na hii ni kazi ngumu kuliko kupanda. Wakati wa kushuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia mwili usianguke, na asiyeizoea kazi hiyo huamka siku ya pili asiweze kushuka hata ngazi ya nyumba. Mkimbiaji mwema hupiga hatua fupi na nyepesi, hufungua mikono apate kujisawazisha, wala hatazami vidole vyake, bali hutazama mahali atakapokanyaga hatua kadha mbele. Viatu vyake huwa na meno ya mpira chini, ili vishike matope na majani yenye maji. Mazoezi haya huongezwa kidogo kidogo, juma kwa juma, kwa maana haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kutaka kukijaza kwa siku moja huumia.

Tatu hujifunza kuijua njia, na hili ndilo jambo kubwa. Mkimbiaji huchukua ramani na dira. Katika ramani kuna mistari myembamba inayozunguka milima. Kila mstari hupita mahali penye kimo kimoja. Mistari ikikaribiana, mahali pale ni mwinuko mkali; ikiachana, pana mteremko wa taratibu. Kwa hiyo mtu aweza kuujua mlima kabla hajauona kwa macho.

Sindano ya dira huelekea kaskazini daima, ila ikiwekwa karibu na chuma hudanganyika. Basi kisu na vitu vingine vya chuma huwekwa mbali nayo. Mkimbiaji huikunjua ramani, akaigeuza hata kaskazini ya ramani ipatane na kaskazini ya sindano. Ndipo kila kitu katika ramani hukaa upande ule ule kilipo katika nchi. Kisha huweka kidole gumba juu ya mahali aliposimama, na kila apitapo kijito au ukuta wa mawe, husogeza kidole chake. Hivyo, ukungu ukishuka ghafula, hana haja ya kuuliza, “Niko wapi?” Kidole chake chamjibu.

Siku hizi wengi huchukua pia simu au saa inayopokea alama za setilaiti na kumwonyesha mtu mahali alipo. Vyombo hivyo ni vizuri, lakini baridi hupunguza nguvu za betri, na chombo kikizimika hakina msaada tena. Karatasi na sindano hazina betri. Kwa sababu hiyo wenye busara huchukua vyote viwili.

Tena mkimbiaji hupiga hesabu ya muda kabla ya kuondoka. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni nyepesi ambayo hutumika hata leo. Kwa vipimo vya sasa husemwa hivi: hesabu saa moja kwa kila kilometa 5, kisha ongeza saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Mathalani, mwendo wa kilometa 10 wenye mpando wa meta 600 huchukua saa tatu. Kanuni hii ni ya mtu aendaye kwa miguu, na mkimbiaji huenda upesi kuliko hivyo. Lakini huitumia kwa hadhari, kwa maana akiteguka mguu hatakimbia tena, bali atatembea. Na katika mwezi wa Desemba, kaskazini ya Uingereza, jua huchwa karibu na saa kumi ya alasiri.

Nne, hujifunza kuiogopa baridi. Kwa kila meta 150 za kupanda, joto la hewa hupungua kadiri ya digrii moja. Ndiyo sababu kilele cha Kilimanjaro kina barafu, ingawa mlima uko karibu na Ikweta. Mtu akiwa na nguo kavu na mwili wenye kufanya kazi, aweza kuvumilia. Lakini nguo zikilowa na upepo ukivuma, joto humtoka mwilini upesi mno. Joto la mwili wa mtu ni digrii 37; likipungua chini ya 35, yumo hatarini. Dalili zake ni hizi: kwanza hutetemeka sana, kisha hujikwaa mara kwa mara na maneno yake hayasikiki vema, mwishowe akili huzunguka, akasema kwamba hajambo, wala hataki msaada. Kwa hiyo mwenziwe hamwulizi tu hali, humtazama. Akiona dalili hizo, humpeleka mahali pasipo upepo, humvika nguo kavu, humlisha kitu chenye sukari, na hutafuta msaada.

Ubaya wa baridi ulionekana wazi nchini China, tarehe 22 Mei, 2021. Siku hiyo wakimbiaji 172 waliondoka katika mbio za kilometa 100, katika mkoa wa Gansu, karibu na mji wa Baiyin. Wengi walivaa kaptura na fulana nyepesi. Koti la kuzuia upepo halikuwa miongoni mwa vitu walivyolazimishwa kuchukua, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuyapeleka makoti yao mbele, wayakute baadaye njiani. Walipokuwa katika mpando mrefu, hewa ikageuka. Ukavuma upepo wa nguvu, ikanyesha mvua na mvua ya mawe, na baridi ikawa kali. Magari hayakuweza kufika mahali pale. Watu 21 wakafa, na miongoni mwao walikuwamo wakimbiaji hodari, wenye sifa katika nchi nzima.

Siku ile mchungaji mmoja wa kondoo alikuwa amejificha mvua katika pango. Alipowaona wakimbiaji wanateseka, akawaingiza pangoni, akawasha moto, akawafunika kwa nguo nzito za kulalia. Akawaokoa watu sita. Hakuwa na mbio kuwashinda wao. Alikuwa na mahali pakavu, moto, na nguo. Wengine waliopona ni wale walioona hali imekuwa mbaya wakageuka kurudi.

Kwa ajili ya mambo kama haya, chama cha wakimbiaji wa milimani cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1970, huagiza vitu vya kuchukuliwa katika mbio zilizo za hatari: koti na suruali visivyopitisha maji, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi, na chakula cha akiba. Vyote hutiwa katika mfuko mdogo wa kiunoni au mgongoni. Chakula cha akiba hakiliwi kwa sababu ya njaa ya kawaida. Huwekwa kwa ajili ya saa ya shida. Filimbi nayo haipigwi kwa mchezo. Katika milima ya Uingereza, mtu aliyepatwa na msiba hupiga mara sita katika dakika moja, akanyamaza dakika moja, kisha akarudia. Amsikiaye humjibu kwa kupiga mara tatu. Sauti ya mtu huchoka upesi, lakini filimbi husikika mbali, hata katika ukungu.

Kuna sheria nyingine ambayo wageni huidharau. Mkimbiaji aachaye mbio njiani, kwa uchovu au kwa sababu nyingine yoyote, hana ruhusa ya kwenda nyumbani kimya kimya. Lazima afike mwisho wa mbio, au apeleke habari, wasimamizi wafute jina lake. Asipofanya hivyo, hesabu haitatimia, na watu watapanda mlimani usiku, katika mvua na giza, wakihatarisha maisha yao kumtafuta mtu aliyelala kitandani.

Pengine mtu atasema, “Mzigo huu utanipunguzia mbio.” Ni kweli, utampunguzia dakika chache. Siku ya jua atauchukua kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuufungua, na huenda akajiona mjinga. Lakini mlima hautoi habari kabla ya kugeuka, na koti lililoachwa nyumbani halimfuniki mtu aliye kileleni. Wahenga walisema kwamba tahadhari kabla ya athari. Mkimbiaji hodari wa milimani ni yule ajuaye alipo, achukuaye kinachompasa, na awezaye kugeuka na kurudi angali na nguvu za kurudi. Mlima utakuwapo kesho.

MASWALI

1. Kwa nini Bob Graham alivitembelea vilima vyote kabla ya kuvikimbilia?
2. Mistari ya ramani ikikaribiana, mahali pale pana hali gani?
3. Mtu aondoka saa mbili asubuhi kwa mwendo wa kilometa 15 wenye mpando wa meta 1,200. Kwa kanuni ya Naismith atafika saa ngapi?
4. Taja dalili tatu za mtu aliyezidiwa na baridi. Kwa nini haitoshi kumwuliza hali yake?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mchungaji wa kondoo alivyowaokoa wakimbiaji.