Simba wa MGM hangurumi kwa niaba ya mwenye filamu

KABLA ya jina la mwigizaji yeyote kuonekana, simba hujitokeza ndani ya duara la dhahabu, akageuza kichwa na kunguruma. Mtazamaji wa filamu kongwe za Hollywood huamini papo hapo kuwa anachokitazama ni mali ya kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, maarufu kama MGM. Mara nyingi imani hiyo haina msingi.

Nembo hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1910 na Howard Dietz, aliyesimamia matangazo ya kampuni ya Goldwyn. Wazo la simba alilipata katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikosomea, ambako mnyama huyo ni ishara ya timu za michezo. Mnamo 1924, Marcus Loew alipoziunganisha kampuni za Metro, Goldwyn na ile ya Louis B. Mayer, simba naye akarithiwa.

Simba wa kwanza wa MGM, Slats, alikuwa bubu kwa watazamaji, kwani filamu za enzi hizo hazikuwa na sauti. Mrithi wake, Jackie, ndiye aliyesikika mara ya kwanza 1928, sauti yake ikichezwa kwa santuri. Anayejulikana zaidi, aliyeanza kutumiwa 1957, huitwa Leo. Jina lisilohusiana na siku ya leo, bali ni neno la Kilatini lenye maana ya simba.

Hata mngurumo wenyewe una hila. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fundi wa sauti Mark Mangini aliutengeneza upya kwa kutumia sauti za chui milia, kwa kuwa simba halisi hangurumi kwa ukali unaotakiwa na sinema.

Lakini hila ya sauti ni ndogo ikilinganishwa na utata wa umiliki. Mnamo 1986, tajiri Ted Turner aliinunua MGM. Madeni yalipomlemea, aliuza sehemu kubwa ya kampuni miezi michache baadaye, jina na nembo vikiwemo. Alichokataa kukiachilia ni hazina ya filamu za kale. Kampuni yake ilipoungana na Time Warner 1996, filamu hizo zilikwenda nayo.

Ndiyo sababu The Wizard of Oz ya 1939 ingali ikifunguliwa na simba ilhali MGM haina haki juu yake, wala juu ya Gone with the Wind ya mwaka huo huo. Nembo iliyo mwanzoni mwa filamu hueleza ni nani aliyeitengeneza au kuisambaza wakati huo. Hakimiliki ya filamu ni kitu kingine, nayo huweza kuuzwa peke yake huku alama ya biashara ikibaki kwingine. Kituo cha televisheni kitakachomfuata simba ili kuomba idhini ya kuonyesha filamu hizo kitakuwa kimebisha hodi mlango usio wake.

MGM iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai 2010. Mnamo 2021 ilizindua simba aliyechorwa kwa kompyuta, na Machi 2022 Amazon ikakamilisha kuinunua kwa dola bilioni 8.45. Simba alikuwa sehemu ya bei hiyo. Filamu hizo mbili za 1939 hazikuwa.