Pikapu ya Chama Inapokataa Magurudumu Manne

Mbuga za udongo mweusi zilizochelewesha misafara ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19 bado hukwamisha magari mkoani Tabora kila msimu wa mvua. Pikapu inayowapelekea wakulima wa tumbaku mbolea huhitaji kusukumwa na magurudumu yote manne. Katika magari mengi ya siku hizi, magurudumu ya mbele huunganishwa na mota ndogo ya umeme, wala si kwa mkono wa gia. Kwa hiyo, taa ya dashibodi ikimetameta bila kutulia, isidhaniwe mara moja kwamba giaboksi imekufa.

Ukaguzi ufuate utaratibu huu:

(a) Betri: vichwa vyake visafishwe na kukazwa. Umeme hafifu hauzungushi mota.

(b) Fyuzi: iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Ikikatika tena, huenda waya umechunika mahali. Kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi huweza kuunguza gari.

(c) Nyaya na plagi za chini ya gari: zikaguliwe kama zimeingia matope, kutu au meno ya panya.

(d) Mota: gari lizuiwe kwa mawe, ufunguo uwashwe, dereva ageuze swichi, na msaidizi asikilize akiwa pembeni. Mota ikilia, umeme unafika. Kasoro itafutwe katika kihisio au giaboksi. Isipolia, fundi apime umeme kwenye plagi yake.

Makatibu wanashauriwa kukamilisha ukaguzi huu mwezi Oktoba na kuuandika katika daftari la gari, ili Kamati isiidhinishe fedha za wanachama kununulia giaboksi pale ambapo fyuzi ingetosha.