Damu Inapogoma Kupanda Kichwani

Basi la Dar likikata kona za Kitonga, abiria aliyepandia Ilomba hubanwa dirishani, na nguvu inayombana haifiki hata uzito wake mwenyewe. Ndege za kivita ni habari nyingine. Su-30 ambazo Uganda ilianza kuzipokea mwaka 2011 zimeundwa kuhimili kona za G 9, yaani mara 9 ya uzito wa kawaida. Rubani wa kilo 70 hapo anakandamizwa kitini kama mwenye kilo 630. Kuinua mkono tu ni kazi.

Mifupa inahimili. Shida iko kwenye damu, kwa sababu nayo inakuwa nzito, inakimbilia tumboni na miguuni, na moyo unashindwa kuifikisha kwenye ubongo, sentimita kama 30 juu yake. Kila G inayoongezeka hupunguza presha ya kichwani kwa takriban 22, na presha yetu ya kawaida ni 120. Piga hesabu mwenyewe. Macho ndiyo hutangulia: rangi zinafifia, vitu vya pembeni vinapotea, kisha giza tupu ilhali masikio bado yanasikia. Baada ya hapo ni kuzimia.

Twiga wa Ruaha analijua tatizo hili, maana ubongo wake uko mita 2 hivi juu ya moyo. Presha yake ni kama mara mbili ya yetu, na ngozi ya miguu yake imebana kiasi cha kuizuia damu isituame chini. Rubani naye huvaa suruali yenye mifuko inayojaa hewa yenyewe G zikipanda, ikamkaba mapaja na tumbo. Lakini suruali humwongezea G 1 tu au zaidi kidogo. Kazi kubwa anaifanya mwenyewe: anakaza miguu, makalio na tumbo, anaibana pumzi kifuani, na kila baada ya sekunde 3 anaiachia na kuvuta nyingine upesi. (Wafupi wenzangu, hapa tumewazidi warefu: safari ya damu yetu ni fupi.)

Akichelewa kujikaza, ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde 5 hivi. Mwaka 2016 huko Arizona, Marekani, mwanafunzi wa urubani alizimia ndani ya F-16 kwenye G 8.3, ndege ikaelekeza pua ardhini huku mwalimu wake akimpigia kelele redioni. Kompyuta ya ndege ndiyo iliyoinyanyua, naye akazinduka akiwa hai.