Jani la Chai Halisubiri Zamu

Kuna uzalishaji wa kimojakimoja, kama seremala anayetengeneza mlango wa mteja aliyeagiza. Kuna wa mikupuo, kama mwoka mikate anayejaza tanuri, akasubiri, kisha akajaza tena. Na kuna wa mtiririko, ambapo mali huingia upande huu na kutokea upande wa pili bila kusimama. Viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli, wilayani Rungwe, hutumia aina hizo mbili za mwisho chini ya paa moja, na kazi ngumu ipo pale zinapokutana.

Jani bichi hubeba maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Hutandazwa kwenye vihori virefu vyenye feni, linyauke kwa muda wa saa 12 hadi 18. Huo ni mkupuo: kila kihori kina muda wake wa kujazwa na wa kufunguliwa. Likishanyauka, mtiririko unaanza. Roli zenye meno hulisaga na kulipasua, nalo huchachuka kwa saa moja au zaidi kidogo, rangi ikigeuka kutoka kijani hadi shaba. Hewa ya moto hulikausha mpaka unyevu ubaki kama asilimia 3, kisha huchekechwa na kufungwa. Hapa katikati hapana pa kupumzikia, kwa kuwa jani lililochachuka kupita kiasi halirudi nyuma. Kwa hiyo kikaushio ndicho kinachopanga kasi ya wote. Ukiongeza roli ukakiacha kilivyo, umenunua foleni.

Toyota walijulikana duniani kwa kuacha mahitaji ya hatua ya mbele yaivute kazi ya hatua ya nyuma. Rungwe kazi husukumwa na mvua, nayo haipokei maagizo. Masika michai huchipua kwa wingi, tena majani hufika yamelowa na kuchelewa kunyauka. Kipupwe mavuno hupungua.

Ndiyo maana naamini mpangilio wa viwanda hivi huanzia shambani, kwenye ratiba ya nani achume siku gani na lori lipite wapi kwanza. Jani lililoshindiliwa guniani hupata joto na kuwa jekundu kabla ya kuona kihori. Lori likinasa kwenye tope jioni, kihori chake hubaki kitupu usiku kucha, na kesho yake roli hukosa cha kusaga huku boila ya kikaushio ikiendelea kula kuni.